Chaja Iliyobaki Georgetown

Saa moja na robo asubuhi umeme haujarudi Placetas, katikati ya Kuba, na kwenye kibaraza cha Eligio Monteagudo tayari wameketi watu watano. Anayefika anasimama kwenye ngazi na kuuliza, "Nani wa mwisho?" Mmoja anainua mkono bila kuinua macho, na mgeni anajua zamu yake inafuata ya nani. Kisha maongezi yanaendelea pale yalipokatikia.

Eligio, fundi wa vitu vya umeme, ana miaka sitini na moja. Amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu siku hizi moja haimtoshi. Mkononi ana feni ndogo ya kuchaji, ile ambayo kila nyumba ya mtaa huu inayo au inaitamani. Anaitikisa karibu na sikio kama mtu anayejaribu yai.

"Umeinunua wapi hii?" anauliza.

"Panama," anajibu Bárbaro, mwoka mikate, mwenye feni.

"Na huko Panama walikuambia inatumia umeme wa aina gani?"

"Waliniambia inatumia umeme tu, mzee."

"Ndiyo kosa lako la kwanza. Umeme wetu hautumiwi, mwanangu. Unasubiriwa."

Watu wanacheka. Yeye hacheki. Anaifungua feni kwa bisibisi aliyoichonga kutokana na spoku ya baiskeli, anagusa betri kwa nyaya mbili, anatikisa kichwa.

"Betri imekufa njaa. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoweza kuzilisha kila siku. Hapa inalishwa kwa saa tatu, inafungishwa kwa saa ishirini na moja. Hata wewe ungekufa."

"Itafufuka?"

"Nitaipachika betri za kompyuta mbovu. Rudi kesho. Na usinilipe kwa mkate wa mgao wa serikali, ule naujua."

"Huo ndio ninaouoka mimi, mzee."

"Ndiyo maana nakuambia."

Hii ndiyo kazi yake, siku sita kwa wiki, kuanzia kunapopambazuka mpaka mwanga unapokwisha kibarazani. Kwa feni anatoza peso mia nne, kwa redio mia tatu. Pensheni yake ya mwezi mzima hainunui trei ya mayai, kwa hiyo ni feni na redio zinazompa wali na maharage meusi, na kahawa akibahatika.

Duka la kweli la mji huu haliko mjini. Liko Panama, liko Georgetown nchini Guyana, na kwa wenye moyo mgumu liko mpaka Moscow. Mtu anauza pikipiki au nguruwe wawili, anapanda ndege, anarudi na simu, taa za kuchaji, feni, redio. Asiyeweza kusafiri anamwagiza anayesafiri. Na vitu vikishafika nusu yake havikubali kuishi hapa. Kimoja kinataka umeme mara mbili ya wetu. Simu nyingine imefungwa na kampuni ya huko, haitaki kuitambua laini ya Kuba hata uibembeleze.

"Wakubwa wanasema redioni tupende vya nyumbani," anasema Eligio, akipuliza vumbi kwenye ubao wa saketi. "Sawa, tupende. Nionyesheni feni moja iliyozaliwa hapa niibusu. Wao huko kwao hakuna anayejipepea kwa kipande cha boksi."

Ndivyo anavyozungumza. Ukitaja mvua atakuambia ni nani aliyeacha mitaro izibe. Ukitaja sukari atakuuliza viwanda alivyokatia miwa akiwa kijana vimekwenda wapi, na nani alitia sahihi. Waliomzoea wanamwacha aseme. Ni mgane, wanasema, na uchungu lazima utokee mahali.

Shule aliiacha darasa la sita ili akate miwa na baba yake. Mwaka 1984 alipelekwa Ujerumani Mashariki pamoja na vijana wengine kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Alikaa miaka mitatu, akala viazi, akaweka akiba, akanunua redio kaseti ya kubeba yenye spika mbili. Aliirudisha nyumbani kwa meli, imefungwa ndani ya blanketi. Akaichomeka ukutani mbele ya mtaa mzima.

"Taa iliwaka," anakumbuka. "Sauti ikatoka kama ya mlevi aliyelala kwenye pipa. Nilitaka ardhi inimeze."

Redio ilitaka volti mia mbili na ishirini, ukuta ulikuwa na mia moja na kumi. Eligio alikaa nayo miezi miwili, akafungua transfoma ya televisheni ya Kirusi, akahesabu mizunguko ya waya, akasuka yake mwenyewe kwa mkono. Redio ikaimba. Tangu siku hiyo kila aliyerudi kutoka nje na kitu kilichokataa kuwaka alielekezwa kwake.

Zoraida Veitía alikuja hivyo hivyo, na mashine ya kukaushia nywele ambayo kaka yake alimletea kutoka Moscow. Alikuja kwa mashine, akakaa miaka thelathini na miwili. Alifariki mwezi Mei mwaka jana.

Siku hizi sifa kubwa ya Eligio si ya kutengeneza, ni ya kupunguza. Forodha ya uwanja wa ndege hupima mizigo ya anayerudi, na kilo zikizidi unalipa, au unaacha. Basi kabla ya safari watu huja kwake na orodha, naye huwaambia kipi kibaki huko ugenini: boksi, kitabu cha maelezo, plastiki, stendi. Na siku zote alimalizia kwa chaja.

"Chaja acha," alikuwa akiwaambia. "Chaja ni waya na chuma na subira. Njoo nikutengenezee."

Mji mzima ulikuwa ukisafiri kwa ushauri huo. Kwenye vyumba vya kulala wageni vya Georgetown, wanasema wasafiri, kuna makapu ya chaja zilizoachwa na watu wa Placetas.

Asubuhi hii, kama saa mbili hivi, Nereida Veitía anapanda ngazi za kibaraza na karatasi mkononi. Ni mdogo wake Zoraida, ana miaka hamsini na nne, anasokota sigari kwenye kiwanda cha tumbaku na leo ameomba ruhusa. Haulizi nani wa mwisho. Yeye ni wa nyumbani.

"Shemeji, nimekuja unipunguzie kilo."

"Unasafiri lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo. Georgetown, siku tano, na wale wasichana wawili wa saluni. Usicheke, wamesema nikiwabebea kope za bandia watanikata nywele bure mpaka Krismasi."

"Na wewe unafuata nini?"

"Taa tatu, nguo za ndani za kuuza." Anakunja karatasi, anaikunjua. "Na mashine ya Ulises."

Ulises ni mume wake. Alifanya kazi kiwanda cha saruji miaka thelathini, na sasa kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili.

Eligio anaweka bisibisi chini.

"Mashine kama ile ya dada yako."

"Kama ile ile. Mwenye duka ndiye yule yule, amenitumia picha. Inavuta hewa, inaichuja, inampa oksijeni, unaibeba begani kama pochi. Tatizo ni chaja yake, shemeji, ni tofali. Nikasema hiyo itakuwa ya kwanza kubaki, wewe utanitengenezea, kama ulivyomtengenezea dada."

Waliopo wanaitikia kwa kichwa. Bárbaro, ambaye alikwisha kuambiwa arudi kesho na bado yupo, anatia lake.

"Na ile ya marehemu ilifanya kazi vizuri kabisa, mpaka wale mbwa wa umeme walipoiunguza."

Kila mtu hapa anaijua habari hiyo. Umeme ulirudi kwa kishindo, mashine ikaungua, Zoraida akakosa hewa. Eligio aliisimulia kwenye matanga, akaisimulia kwenye foleni ya gesi, akaipeleka kwa maandishi kwenye ofisi husika, na ofisi husika haijajibu mpaka leo.

Eligio anaisukuma pembeni feni ya Bárbaro. Kisha anavua miwani moja, halafu ya pili.

"Leo zamu zimekwisha," anasema. "Rudini saa nane mchana."

"Nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili, Eligio," analalamika bibi mmoja mwenye redio mapajani.

"Saa nane utakuwa wa kwanza, bibi."

"Na mimi?" anauliza Bárbaro.

"Wewe nenda kaoke."

Wakiondoka, Nereida anavuta kiti cha bembea na kukaa. Anadhani shemeji yake ameshikwa na huzuni, na anaanza kumwambia pole. Eligio anamzuia kwa mkono.

"Chaja usiiache," anasema.

"Kwa nini? Ni gramu mia tisa."

"Najua ni gramu ngapi. Niliipima mimi."

Aliyomwambia baada ya hapo alikuwa hajamwambia mtu. Amekubali yaandikwe, kwa sharti kwamba yaandikwe yote, hata yale yanayomvua nguo.

Ilikuwa mwezi Machi mwaka jana. Mapafu ya Zoraida yalikuwa yamechoka kwa moshi wa kuni za jiko la shule, alikopika miaka ishirini na sita. Eligio aliuza pikipiki yake yenye kigari cha pembeni, akaenda Georgetown, akanunua mashine iliyotumika kwa dola elfu moja na mia moja. Ilikuwa nzima, imo ndani ya begi lake, na chaja yake, na waya wa kuchomekea kwenye gari, na kitabu.

Alikuwa amenunua pia simu nne na feni mbili za betri, za kuuza, ili safari ijilipe. Hakuna anayerudi mikono mitupu kutoka kule. Ukirudi na kitu kimoja watu watakuuliza kama ulikwenda kutembea.

Alasiri ya mwisho alitundika mizani ya ndoano kwenye mlango wa chumba cha wageni na kupima begi. Lilizidi kwa kilo moja na gramu mia nane. Alitoa maboksi, akatoa kitabu, akatoa soksi. Bado lilizidi karibu kilo moja.

"Nikavimwaga vyote kitandani," alisema. "Feni huku, chaja kule. Feni moja na ile chaja zilikuwa na uzito sawa, Nereida. Sawa kabisa, nilizipima mara mbili. Ningeweza kuacha feni."

"Ukaacha chaja."

"Niliacha chaja. Hata sikuwaza sana. Nilijiambia, mimi Eligio Monteagudo nibebe chaja? Niliona aibu kama mwoka mikate anayenunua mkate."

Chaja aliiweka juu ya kabati la chumba kile. Wiki moja baada ya kurudi alipiga simu kumuuliza mwenye nyumba, akaambiwa imekwisha kuondoka na takataka.

Lakini hilo halikuwa lile linalomkaba. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na kahawa katika vikombe viwili vidogo, akakaa tena. Ya kwake hakuinywa.

Alipotua nyumbani na mzigo wake, alisimama kwenye meza ya ukaguzi. Msichana wa forodha, mdogo, mwenye nywele zilizobanwa, alifungua begi na kuikuta mashine. Akaitambua. Akamuuliza kwa upole.

"Hii ni ya mgonjwa, baba?"

"Ya mke wangu."

"Vya mgonjwa hatuvihesabu kwenye kilo. Hujaambiwa? Chaja yake iko wapi?"

Eligio alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya foleni: "Binti, mimi ndiye chaja."

Foleni ikacheka. Msichana naye akacheka, akagonga muhuri.

"Walicheka, nami nikatembea kama jogoo," alimwambia Nereida. "Nilipofika kituo cha basi ndipo lile neno lilipoanza kunishuka. Havihesabiwi. Ningeweza kubeba vyote. Ningeuliza tu. Wakati wa kwenda nilipita mbele ya meza ile ile, imebandikwa karatasi imejaa maandishi. Unadhani niliisoma? Nilisema ni uongo mwingine wa wakubwa, nikapita."

Transfoma aliyomsukia Zoraida ilitoka kwenye televisheni ya zamani na sanduku la umeme la kompyuta. Ilinguruma. Zoraida, bomba puani, aliiita ng'ombe. "Ng'ombe wako analia, Eligio, mpe majani." Alikuwa akikaa kwenye kiti cha bembea akichambua mchele na kumtuma huku na huku, na rangi ilikuwa imemrudia midomoni. Mashine ilifanya kazi siku arobaini na moja.

"Aliniuliza siku moja," alisema Eligio. "Aliniuliza, chaja yake ya kiwandani iko wapi? Nikamwambia haikuwa nayo, kule zinauzwa hivyo hivyo. Akasema, watu wa ajabu. Akaendelea na mchele wake."

Nereida alikisimamisha kiti cha bembea kwa mguu.

Jumapili ya mwisho ya Aprili, saa tisa alasiri, umeme ulirudi baada ya saa kumi na sita. Ukawaka, ukazima, ukawaka tena kwa nguvu. Nyumba ya tatu televisheni ilipasuka, ya mbele friji liliungua, hayo yote ni kweli na wenye nyumba wapo. Ng'ombe akanyamaza. Harufu ikajaa chumbani.

Eligio aliifungua mashine siku ile ile kabla jua halijazama. Alichokiona anakieleza kwa maneno machache, kama mtu anayesoma hukumu. Chaja ya kiwandani ina mlango wa ndani. Umeme ukija kwa fujo, chaja inaungua yenyewe na kuufunga mlango, mashine inabaki salama. Ya kwake haikuwa na mlango. Ilipokea kishindo na kukipitisha chote.

"Umeme ulipiga, hilo silifuti mpaka nife," alisema. "Wakubwa wana lao na nitawadai. Lakini kishindo kilipofika kwenye kifua cha dada yako, aliyekifungulia ni mimi."

Siku tisa baadaye, saa tano asubuhi, Eligio akiwa mjini Santa Clara kwenye foleni ya mtungi wa oksijeni, Zoraida alifariki kwenye kiti kile kile, Nereida akiwa amemshika mkono.

Mbele ya kibaraza mkokoteni wa farasi ulipita, mwendeshaji akamsalimia Eligio kwa jina, hakujibiwa. Nereida alikuwa ameweka kikombe sakafuni.

"Ile feni," alisema. "Uliiuza?"

"Niliiuza."

"Kwa nani?"

Eligio aliangalia mikono yake.

"Nimekuuliza kwa nani."

"Kwako, shemeji. Ile ya kijani."

Ile feni ya kijani ndiyo inayompepea Ulises mchana akijilaza. Nereida hakulia wala hakupaza sauti. Alipozungumza alizungumza polepole, kama anayepanga majani ya tumbaku.

"Kwenye matanga uliwatukana watu wa umeme mpaka ukaishiwa pumzi. Nani alikushikia kitambaa?"

"Wewe."

"Barua ya malalamiko niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa sababu mwandiko wako hausomeki. Kurasa tatu. Nikaandika, mashine ilikuwa katika hali nzuri kabisa. Nikaandika, fundi mwenye uzoefu. Uliniacha niandike hivyo."

"Nilikuacha."

"Miezi kumi na sita nimekuwa nikikuletea maharage."

"Najua, Nereida."

"Na leo nisingekuja je? Ningekwenda moja kwa moja Georgetown, nikaiacha chaja, nikamletea Ulises. Ungeniambia?"

Eligio alitaka kusema ndiyo. Anakiri kwamba neno lilifika mdomoni. "Sijui," alisema.

Nereida alisimama, akashuka ngazi. Karatasi yake ya safari ilibaki juu ya meza, katikati ya koili na vipande vya risasi ya kulehemia.

Saa nane watu walirudi, na bibi mwenye redio akawa wa kwanza kama alivyoahidiwa. Eligio alimtengenezea bila kusema lolote kuhusu serikali, jambo lililowatia watu wasiwasi. Bárbaro aliuliza kama anaumwa.

Baadaye mchana huo akaja kijana anayekwenda Panama, akataka apunguziwe kilo.

"Boksi acha," Eligio alimwambia. "Kitabu acha. Chaja ije."

"Mzee, wewe mwenyewe ulimwambia mjomba wangu aache."

"Mjomba wako mwambie nilikosea."

"Umeanza kuogopa kilo, mzee," Bárbaro akamtania. "Uzee huo."

"Ndiyo," alisema Eligio. "Uzee."

Nereida alikaa siku mbili bila kuonekana. Siku ya tatu asubuhi alikuja, akasimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Nani wa mwisho?" aliuliza, na watu wakageuka kumtazama, kwa sababu hajawahi kuuliza. Mmoja akainua mkono. Nereida akasubiri zamu yake nyuma ya watu watatu, amesimama, amekumbatia pochi. Ilipofika, alizungumza mbele ya wote.

"Mimi mashine siijui. Naweza kuuziwa mbovu nikacheka. Utakwenda nami."

"Nitakwenda."

"Kwa pesa yako."

"Kwa yangu."

"Na ndani ya ndege utakaa mbali na mimi, Eligio. Sitaki kuzungumza nawe njia nzima."

"Sawa."

"Ukifika dukani utaifungua, utaikagua, utaiwasha saa nzima. Kisha kila kilichomo kitarudi kama kilivyo. Hata plastiki."

"Hata plastiki," alisema Eligio.

Alipokwisha kuondoka, bibi mmoja aliuliza kulikoni kati yao. Eligio alimwambia. Aliwaambia wote waliokuwapo kibarazani, kwa sentensi nne au tano, akiwa ameshika kikaango cha umeme cha mtu mikononi. Mmoja alichukua redio yake akaondoka nayo bila kuaga. Wengine walibaki. Bárbaro akasema feni yake haina haraka, hata mwezi ujao ni sawa.

Nauli aliipata kwa kuuza kipimo chake cha umeme cha Kijerumani, kile chenye kioo cha kijani alichokileta pamoja na redio miaka thelathini na saba iliyopita. Fundi mmoja wa mji wa Remedios alikitamani siku nyingi. Bila kipimo hicho, anasema, simu hatazitengeneza tena. Atabaki na feni, pasi na redio, vitu ambavyo mkono na pua vinatosha.

Orodha yake ya safari ina mstari mmoja. Hanunui simu za kuuza safari hii, hanunui taa, na majirani waliomwagiza vitu amewakatalia, wengine wakamnunia. Begi atakalochukua ni tupu isipokuwa shati moja na sabuni.

Kuhusu barua ya kurasa tatu, anataka iandikwe upya, na lile la fundi mwenye uzoefu liondolewe. Umeme ubaki, anasema, kwa sababu umeme ulipiga kweli na kuna mtu analipwa ili usipige. Ataiandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, hata ikichukua wiki. Amekwisha kununua daftari.

Ulises hajui lolote kuhusu chaja ile, Nereida ameomba asiambiwe kabla mashine haijafika. Juzi alipita kibarazani akisindikizwa, akapumzika kwenye nguzo, akapumzika kwenye ngazi, akamuuliza Eligio kama ni kweli kwa mashine ile mtu anaweza kutembea mpaka bustani ya katikati ya mji na kurudi. Eligio alimwambia Zoraida alifika, mara mbili, na akala aiskrimu.

Wanaondoka Alhamisi, na wanarudi Jumanne. Tumaini lake, anasema, halifiki kwenye msamaha, hilo ni la Nereida na yeye halidai. Tumaini lake linaishia kwenye meza ya forodha.

"Kabla hawajagusa begi, nitauliza kipi kinahesabiwa na kipi hakihesabiwi. Nitasimama pale mpaka nijibiwe, hata foleni inizomee." Anavaa tena miwani zake mbili na kuvuta kikaango karibu. "Kuuliza hata mwaka jana kusingenigharimu kitu."